Kanda Haijikagui

Ukikaa na watu wa TEHAMA, wa halmashauri au wa vyombo vya utangazaji, na mazungumzo yakagusa kumbukumbu za zamani, utasikia hukumu ambayo siku hizi karibu haina mpinzani: zama za kanda zimekwisha. Zihamishiwe kwenye kompyuta, nakala zipandishwe kwenye hifadhi ya wingu, na tangu hapo mashine zijikague zenyewe usiku na mchana. Mtu wa kushusha kanda moja moja kutoka rafuni, kuifungua, kuinusa, kuimulika kwa tochi, kuisikiliza na kuandika alichokiona kwenye daftari anahesabiwa kuwa mzigo kwenye orodha ya mishahara. Wanaosema hivi si wajinga, na wengi wao wanazitakia kumbukumbu hizo mema. Lakini wamekosea, na gharama ya kosa hilo haitawaangukia wao. Itawaangukia kwanza watu wa pembezoni, na pembezoni ninayoizungumzia hapa ni Mbinga na pwani ya Ziwa Nyasa upande wa Ruvuma, kuanzia Lituhi, Lundu na Liuli hadi Mbamba Bay na Chiwanda.

Kwa nini pembezoni kwanza? Kwa sababu kilicho maarufu kina nakala nyingi. Hotuba kubwa ya Mwalimu au wimbo wa bendi ya Dar es Salaam ulitolewa kwenye santuri, ukanakiliwa kwenye kaseti, ukapigwa redioni mara elfu. Ukipotea mahali pamoja utaupata pengine. Ngoma iliyorekodiwa kijijini mara moja tu, na wafanyakazi wa redio waliokuja na gari wakaondoka siku ile ile, haina bahati hiyo. Redio yetu ilianza kama Sauti ya Dar es Salaam mwaka 1951, ikawa shirika la utangazaji la Tanganyika mwaka 1956, na mwaka 1965 ikageuzwa kuwa Radio Tanzania Dar es Salaam. Kwa miongo kadhaa RTD ilirekodi muziki na ngoma za nchi hii kwenye kanda za sumaku, maelfu kwa maelfu, na urithi huo sasa uko mikononi mwa Shirika la Utangazaji Tanzania, TBC. Ndani ya maktaba ya namna hiyo, kanda ya kijiji ni kanda moja. Ikifa, hakuna pa kukimbilia.

Jibu la haraka ninalolisikia ni kwamba siku hizi kila kitu kipo YouTube. Tumchukue mtu anayefahamika: Kapteni John Komba, mzaliwa wa Lituhi mwaka 1954, kiongozi wa kikundi cha Tanzania One Theatre (TOT), mbunge wa Mbinga Magharibi hadi alipofariki Februari 2015. Mwalimu Nyerere alipofariki Oktoba 1999, sauti ya Komba ilikuwa miongoni mwa zile zilizoubeba msiba redioni, na watu wazima wa nchi hii wanaikumbuka. Leo ukiitafuta kwenye simu unaipata, kwa hiyo watu wanaridhika kwamba imehifadhiwa. Sikiliza vizuri unachokipata. Mara nyingi ni redio iliyonaswa na kaseti ya nyumbani, kaseti ikaingizwa kwenye kompyuta, kompyuta ikaubana muziki ili faili liwe jepesi, na mtandao ukaubana tena. Kila hatua imetupa kitu. Na mwenye mtandao ni kampuni ya mbali isiyo na wajibu wowote kwa mtu wa Lituhi. Aliyepandisha wimbo akifunga akaunti yake, au mwenye haki akilalamika, wimbo unaondoka bila hodi. Kupatikana kwenye simu ni jambo zuri, lakini swali linabaki pale pale: kanda mama iko katika hali gani, na nani ameishika mkononi mwaka huu?

Wanaodhani kukagua kwa mkono ni ushamba hawajui kanda ni kitu gani. Kanda ya sumaku ni plastiki nyembamba iliyopakwa unga wa oksidi ya chuma, na unga huo umeshikiliwa na gundi. Plastiki ina ugonjwa wake na gundi ina wake. Kanda nyingi za miaka ya 1950 na 1960 ni za asetati. Asetati ikioza hutoa asidi, na asidi hiyo huharakisha kuoza zaidi. Boksi likifunguliwa linanuka siki, na kanda iliyofikia hapo isipotengwa huwaambukiza majirani zake wa rafuni. Hakuna kompyuta iliyofungwa kwenye rafu za kanda zetu ili kunusa siki. Pua ya mhifadhi ndiyo inayotangulia. Kisha mwanga: ukiinua rili mbele ya taa, asetati inapitisha nuru na poliesta inaizuia, na kwa jambo hilo dogo unajua tayari kwamba ya kwanza itakatika ikivutwa na ya pili itanyumbuka. Unatazama ubavu wa rili. Je, mizunguko imelala sawasawa kama iliyonyolewa, au kuna kingo zilizochomoza, mistari kama spoku za baiskeli, mapengo yanayoonyesha kwamba kanda imelegea na kujikunja? Kuna utando mweupe wa ukungu?

Halafu kuna ugonjwa mbaya kuliko yote, wa baadhi ya kanda za miaka ya 1970 na 1980. Gundi yake hunyonya unyevu wa hewa, hulainika, na kanda huwa na mnato. Ukiiweka kwenye mashine inapiga kelele kama breki mbovu, inaacha tope la kahawia kwenye vichwa vya mashine, na tope lile ndilo muziki wenyewe. Tiba inajulikana: kanda hupashwa moto mdogo, kiasi cha nyuzi 50 na kitu, kwa saa nyingi, chini ya uangalizi, na baada ya hapo inachezeka kwa muda wa wiki chache, inakiliwe upesi. Ukipasha moto kanda ya asetati kwa namna hiyo unaiua. Sasa fikiria agizo linalopendwa na mikutano, kwamba kanda zote zipitishwe kwenye mashine kwa mkupuo ili ziwe za dijitali. Kanda yenye mnato ikichezwa bila kukaguliwa inachunwa. Kazi ile ile iliyokusudiwa kuiokoa inakuwa ndiyo iliyoimaliza. Kwa hiyo anayesema tudijitishe badala ya kukagua amegeuza mpangilio wa kazi: bila mkono kutangulia, hakuna cha kudijitisha.

Najua hoja ya haraka ina uzito. Mwaka 2019 UNESCO, pamoja na chama cha kimataifa cha hifadhi za sauti, IASA, walitoa tahadhari ya dunia nzima kuhusu kanda za sumaku, wakitaja mwaka 2025 kuwa mpaka ambao baada yake kuzicheza kungekuwa kugumu mno, maana mashine, vipuri na mafundi vinatoweka. Nyumbani, mwanzoni mwa miaka ya 2010, vijana wa Tanzania Heritage Project walikuwa wameshapaza sauti kuhusu kanda za RTD. Tahadhari hizo ni za kweli na mpaka huo tumeshaufikia. Lakini haraka ndiyo inayodai ukaguzi wa mkono. Muda na mashine zikiwa haba, lazima mtu aamue ipi inachezwa leo, ipi inahitaji tiba kwanza, ipi inaweza kungoja miaka kumi. Uamuzi huo unatokana na daftari la aliyezishika. Bila daftari, foleni inapangwa kwa alfabeti au kwa umaarufu, na kwa kipimo cha umaarufu kanda ya Lundu haifiki mbele kamwe.

Hali ya hewa ya kwetu inaongeza jambo ambalo watunga mipango wa mbali hawalioni. Uso wa Ziwa Nyasa uko chini ya mita 500 kutoka usawa wa bahari. Ufukwe wake una joto na hewa iliyojaa maji. Milima ya Umatengo inapanda kupita mita 1,500, na Litembo au Maguu asubuhi ya Juni ni baridi ya kuvaa sweta. Sasa kuna lami kutoka Mbinga hadi Mbamba Bay, unateremka kwa muda mfupi. Kaseti za kwaya, kanda za parokia, hata diski za kompyuta za ofisi zinazoteremshwa kutoka kwenye baridi na kufunguliwa papo hapo ufukweni hupata umande juu yake, ukungu ukapata pa kuanzia. Kinachotakiwa ni mtu anayejua kwamba boksi linaachwa limefungwa kwa saa nyingi hadi joto lake lilingane na la chumba. Jambo hili halina programu. Lina mazoea, na mazoea yana mtu.

“Hizo ni kanda za zamani,” ananijibu mtaalamu. “Kanda za data za leo zimo ndani ya katriji, katriji ina chipu, roboti inaichukua, mashine inasoma, na makosa yanaandikwa yenyewe.” Kweli. Katriji moja ya LTO ya kizazi cha 9 inabeba terabaiti 18, na chipu yake hukumbuka matumizi na makosa. Lakini chipu inajua kile tu mashine ilichokiona mara ya mwisho katriji ilipoingizwa. Kama imekaa rafuni miaka mitano tangu hapo, chipu haijui kwamba paa lilivuja, kwamba kiyoyozi kilizimika wiki nzima umeme ulipokatika, kwamba fundi aliidondosha akairudisha kimya. Ufa wa kasha na pini ya kuvutia kanda iliyotoka mahali pake vinaonekana kwa jicho. Roboti haioni, inaisukuma ndani vilevile, na katriji mbovu inaweza kuharibu mashine, mashine iliyoharibika nayo ikaharibu katriji inayofuata. Pia chipu haimwambii mtu kwamba dunia imemwacha nyuma. Mashine za LTO za kizazi cha 8 husoma kizazi cha 7 tu nyuma yake, na kizazi cha 10 kilichotangazwa mwaka 2025 hakisomi kizazi chochote kilichotangulia. Kanda inaweza kuwa nzima kabisa na isiwe na wa kuisoma.

Tuje sasa kwenye kiini, pale ambapo imani katika mashine ina nguvu zaidi na inakosea zaidi. Faili la dijitali hupewa nambari ya uhakiki inayokokotolewa kutokana na kila kilichomo. Kikibadilika hata kitu kimoja kidogo, nambari inabadilika, na mfumo unapiga kengele. Wataalamu wanaitegemea nambari hii kama ushahidi kwamba kumbukumbu ni salama. Ninachosema ni kwamba nambari hiyo inathibitisha jambo moja tu: faili la leo ni sawa na faili la siku lilipotengenezwa. Kama siku ile lilitengenezwa vibaya, nambari italinda ubaya ule kwa uaminifu mkubwa, milele.

Nichukue mganda. Ngoma hii ilienea pande zote za Ziwa Nyasa baada ya Vita Kuu ya Kwanza, ikiwa na gwaride, sare na vyeo, wanaume wakigeuza walichokiona jeshini kuwa mchezo na ushindani wa vijiji. Utamu wake haumo kwenye ngoma kubwa peke yake. Umo kwenye vibuyu: mpigaji anaimba ndani ya kibuyu chenye utando mwembamba, na utando unatetema, sauti ya mtu ikatoka na mvumo wa ukali kama wa tarumbeta. Mvumo huo unakaa kwenye masafa ya juu ya sauti. Na masafa ya juu ndiyo ya kwanza kupotea kichwa cha mashine ya kuchezea kanda kikiinama kidogo tu kutoka kwenye mstari uliotumika wakati wa kurekodi. Fundi makini hurekebisha kichwa kwa kila kanda, kwa bisbisi na kwa sikio. Aliyeagizwa kumaliza kanda hamsini kwa siku hawezi. Faili linatoka na vibuyu vilivyozibwa kama vimefunikwa blanketi, na msikilizaji wa Dar es Salaam anadhani ni uzee wa kanda.

Halafu linapitishwa kwenye programu ya kuondoa kelele. Programu hiyo inahesabu mvumo unaoendelea bila kukatika kuwa uchafu, iwe ni wa umeme, wa kanda au wa upepo. Mvumo wa kibuyu kwake ni uchafu wa aina hiyo hiyo. Inausafisha. Mganda unabaki bila mganda, na nambari ya uhakiki inasema kila kitu ni salama. Nani atagundua? Anayeweza kugundua ni mzee wa Liuli au Lundu aliyevipiga vibuyu hivyo, akiwekewa nakala masikioni kabla kazi haijafungwa. Huyo ndiye sehemu ya ukaguzi ambayo hakuna mpango wa TEHAMA ninaoujua unaomtengea kiti wala nauli.

Ndivyo ilivyo pia kwa lebo. Kanda iliyoandikwa “Ngoma, Songea” inaweza kuwa lizombe ya Wangoni, kioda cha akina mama wa ziwani au wimbo wa Wamatengo, kwa sababu aliyeandika alikuwa ofisini na Songea ndiyo makao makuu ya mkoa. Kompyuta itanakili kosa hilo mahali popote itakapopeleka faili. Mtu anayejua Kimatengo na Kinyasa analitambua baada ya ubeti mmoja. Mmisionari Johannes Häfliger alichapisha kamusi ya Kimatengo mwaka 1909, na karatasi zile bado zinasomeka bila mashine yoyote. Sauti haina uvumilivu wa karatasi. Ikikosewa jina leo, baada ya kizazi kimoja hakutakuwa na wa kuikosoa.

Na huko kwenye mitambo mikubwa ya dunia, je, mashine zimejikagua? Januari 31, 2017 kampuni ya GitLab ilifuta data yake kwa bahati mbaya, ikageukia nakala za akiba ikakuta njia zake tano haziaminiki au hazikuwa zikifanya kazi. Barua pepe za kuonya kwamba unakiliaji unashindwa zilikuwa zikikataliwa na mfumo wa barua, kwa hiyo hakuna aliyeonywa. Kilichowaokoa ni nakala ambayo mhandisi mmoja aliitengeneza kwa mkono saa sita kabla, kwa shughuli nyingine. Desemba 2021 Chuo Kikuu cha Kyoto kilipoteza terabaiti 77 za kazi za watafiti kwa sababu programu ya kunakilia akiba ndiyo iliyozifuta. Wakati Google ilipofuta barua za baadhi ya wateja wa Gmail Februari 2011, ilizirudisha kutoka kwenye kanda, kwa kuwa kanda zilikuwa nje ya mfumo na kosa halikuzifikia. Waliotuambia kanda zimepitwa na wakati wangeanzia hapo. Na kwetu, Mei 2024 nyaya za baharini za EASSy na Seacom zilipokatika, nchi ikakosa intaneti ya maana, hifadhi ya wingu kwa mtu wa Mbamba Bay ilikuwa mbali kama mwezi.

Hoja ya mwisho ni ya fedha, na ndiyo inayosemwa kwa sauti ya hekima: nchi yenye upungufu wa wauguzi itamlipaje mtu wa kunusa kanda? Ninaliheshimu swali hili, kwa hiyo nalijibu kwa kazi inayofahamika kwetu. Kahawa ya Mbinga hupita mashine ya kumenya, huoshwa, huanikwa, hukobolewa kiwandani na kuchekechwa kwa ukubwa. Pamoja na mashine zote hizo, mikono inapita juu ya vichanja ikitoa punje iliyovunjika, iliyochacha, iliyotobolewa na mdudu. Hakuna mkulima wa Maguu anayeambiwa aache kuchambua kwa sababu kiwanda kipo, maana punje chache zilizochacha zinaharibu kikombe kizima na bei ya mnadani inaonyesha. Hatuuoni uchambuzi ule kuwa anasa. Ni sehemu ya kuifanya kahawa iwe kahawa.

Wala sidai kila kanda ishikwe kila mwezi. Kushika kuna madhara yake: mafuta ya vidole, vumbi, kudondosha, na kila kuchezwa kunaila kanda kidogo. Ndiyo sababu kazi hii inahitaji mtu aliyefundishwa na asihamishwe hamishwe. Kila kanda ikaguliwe kikamilifu mara moja inapoingia maktabani. Baada ya hapo sampuli kila mwaka, baada ya mvua za masika, na zile zilizoonyesha dalili zifuatiliwe kwa karibu. Vifaa ni tochi, kipimajoto na kipimaunyevu, glavu zisizoacha nyuzi, daftari, na mashine moja nzuri inayotunzwa. Bei ya seva moja inalipia yote hayo kwa miaka. Kinachokosekana ni watu kukubali kwamba hii ni taaluma, si adhabu ya mtumishi aliyekaribia kustaafu.

Na kwa mkoa wetu nadai zaidi ya hapo. Nakala za kusikiliza za kanda zote zenye lebo ya Ruvuma ziletwe Songea, kwenye Makumbusho ya Maji Maji ambako tayari kuna jengo na wafanyakazi, kisha ziteremshwe Mbinga, Liuli na Lituhi zisikilizwe na wanaozijua, na wanachokisema kirudi Dar es Salaam kikiwa na majina yao kwenye kumbukumbu rasmi ya kanda. Ifanyike kabla faili halijatangazwa kuwa limekamilika, wakati kanda mama bado inaweza kurudishwa kwenye mashine na kichwa kikanyooshwa. Waliokuwa vijana wa mganda miaka ya 1960 sasa wako karibu na miaka 80 au wameipita. Kanda ya mnato inaweza kupashwa moto ikapata wiki chache za kusema, wao hawawezi. Foleni ya ukaguzi ipangwe kwa kuanzia na kanda ambazo wasikilizaji wake bado wako hai.